Kudarizi kofia ya viua: nianze na mshono gani?

Mwanagenzi: Assalaam alaykum. Nimenunua kitambaa cheupe cha pamba, sindano na uzi kwa nia ya kumdarizia babu yangu kofia ya viua, yaani ile yenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi, lakini kila ninapojaribu, kitambaa kinajikunja na vitobo vinatofautiana ukubwa. Je, nianze upya na mshono gani?

Bi Sindano: Wa alaykum salaam, mwanangu. Kofia iweke kando kwanza, kwani hiyo huwachukua hata mafundi wiki nyingi. Chora mistari kwa penseli juu ya kitambaa chakavu, upige bandi, yaani mshono wa kupitisha sindano juu na chini, mpaka hatua zilingane, ndipo uingie mshono wa kurudi nyuma na ule wa mnyororo. Kitambaa kinajikunja kwa sababu unauvuta uzi mno. Ukishalala juu ya nguo, uache. Tena urefu wake usizidi dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, maana uzi mrefu hujisokota.

Fundi wa Lamu: Naongeza kuhusu vitobo, ambavyo ndivyo kazi yenyewe. Usikate kwa mkasi, bali toboa kwa kitu chenye ncha ili nyuzi za kitambaa zisogee pasipo kukatika, kisha uzungushie uzi ukingoni kwa hatua zilizobanana. Chombo kilekile, kikiingizwa kina kilekile, ndicho huleta ukubwa ulio sawa. (Vitobo vyangu vya kwanza mke wangu alivigeuza kitambaa cha kufutia taa.)

Mwanagenzi: Ahsanteni sana. Uzi wangu una nyuzi sita ndani yake, nizitumie zote?

Bi Sindano: Zitenganishe, mwanangu. Mbili zinatosha.