Picha za lodge: kanvasi au karatasi ya pamba? Wadau wa Moshi na Arusha naomba msaada

Mpigapicha_Rau (Moshi)

Wakuu habarini. Nimepata kazi ya lodge moja njia ya Marangu, wanataka picha zangu za kutundika, moja kubwa ya mapokezi upana kama mita moja na nyingine ndogo ndogo za vyumbani. Ile kubwa ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro, alfajiri nimepiga nikiwa uwanda wa Shira upande wa magharibi, theluji ndio inaanza kushika rangi ya chungwa na chini yote ni mawingu. Za vyumbani ni msitu wenye ukungu, na chache nyeusi na nyeupe, mikono ya kina mama wa Uru wakichambua kahawa. Sasa kila ofisi ya kuprinti ninayoingia hapa mjini swali ni moja tu, unataka kanvasi au glosi, ile karatasi inayong'aa, basi. Bosi wa lodge anataka kanvasi zote maana ameziona kwa jirani yake zikampendeza. Mimi kwa zile za mikono roho inagoma kabisa ila nikitaka kumweleza kwa nini nakosa maneno. Halafu kuna wageni watataka kununua waondoke nazo, kwa hiyo lazima kiwe kitu cha kudumu. Kamera yangu ni megapikseli 24. Anayeelewa haya mambo ya karatasi anisaidie.

FremuNjiro (Arusha)

Hongera mkuu, hiyo kazi nzuri. Kabla ya karatasi anza kuuliza wino. Kanvasi nyingi huku kwetu zinatoka kwenye mashine zile zile za mabango, zinatumia solventi, wino wenye kiyeyushi cha kemikali, na solventi yenyewe ni ngumu hata nje inakaa, shida ni kwamba bango linatengenezwa litazamwe kwa mbali, ukisogea unaona vidoti na vinaonekana zaidi kwenye anga na ukungu, na wewe picha zako ndio hizo hizo za anga na ukungu. Tafuta mwenye printa ya wino wa pigmenti, ule wa chembe za rangi zinazodumu, Epson au Canon zile za wino kumi au kumi na mbili. Kuna printa za wino wa dai, yaani rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, ule unameremeta sana siku ya kwanza ila ukipigwa na mwanga wa dirishani unachuja mapema. Mimi naletewa fremu nibadilishe vioo, nakuta picha ya simba ilitundikwa baraza ya hoteli nyekundu yote imeondoka imebaki samli samli hivi, inauma kwa kweli kwa sababu picha yenyewe ilikuwa kali. Mwenye ofisi akishindwa kukwambia wino wake ni wa aina gani, mshukuru uende kwingine.

LenziYaMeru (Usa River)

Kaka hapo kwa mikono roho yako iko sahihi, usikubali kanvasi. Kanvasi ina nyuzi zake, na ngozi ya mkono wa mama aliyefanya kazi miaka yote ina mistari yake, ukivichanganya nyuzi zinakula mistari yote na mistari ndiyo picha yenyewe. Hiyo peleka kwenye karatasi ya pamba. Ulizia Hahnemühle Photo Rag ya gramu 308 kwa mita ya mraba au Canson Rag Photographique ya gramu 310, zote ni pamba asilimia 100, hazina asidi, hazing'ai. Ukungu wa msituni nao unakaa vizuri sana humo, kijivu kinapita taratibu bila kukatika. Ila ujue karatasi ya mati, yaani hizi zisizong'aa, weusi wake hauzami kama wa karatasi inayong'aa, kwa hiyo kama kwenye picha kuna kivuli kizito fungua vivuli kidogo kabla ya kuprinti.

Na mwambie anayeprinti achague aina sahihi ya karatasi kwenye programu, maana hizo printa zina wino mweusi wa mati na mweusi wa karatasi za kung'aa, akikosea hapo weusi unatoka kama vumbi na lawama inaenda kwa karatasi ya watu.

Mpigapicha_Rau

Asante dada, hayo ndio maneno niliyokuwa nayatafuta. Sasa ile ya Kibo?

Mzee wa Chumba cha Giza (Moshi)

Wanangu, niongeze moja. Kuna karatasi za baryta, sisi tuliosafisha picha kwa dawa tunazijua, zina tabaka la bariamu chini ya picha, weupe wake mtulivu na weusi unazama kweli, na siku hizi zipo za kuprintia kwa wino. Kama kuna mkono mmoja umetoka gizani kabisa weka huko, usiweke kwenye mati. Canson Platine nayo inakaribiana na hizo kwa muonekano, ni pamba, na haina dawa za kung'arisha. Hizo dawa muwe nazo makini. Karatasi nyeupe pee dukani mara nyingi imewekewa, mwanga ukizipiga miaka zinakufa na karatasi inarudi kuwa njano, na theluji ya Kibo ikishakuwa njano hiyo si theluji tena.

Kingine, kioo kisiguse picha. Weka maunti, ile kadi yenye dirisha, katikati, masika unyevu ukiingia picha inaganda kwenye kioo na kuibandua ni kuiua.

Mpigapicha_Rau

Shikamoo mzee wangu, nimekuelewa sana.

FremuNjiro

Kibo ndio mpe bosi kanvasi yake, hapo ana haki. Mapokezi kuna mlango, kuna madirisha, ukiweka kioo wageni watajiona wao badala ya mlima. Hesabu ya megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000, ukiprinti pikseli 300 kwa inchi unapata upana wa inchi 20 tu, ila kanvasi ya ukutani 150 inatosha, hapo unafika inchi 40 ambayo ni ile mita yako. Jambo la muhimu ni kingo, kanvasi inakunjwa kwenye mbao kila upande kwa hiyo ongeza sentimita tano zaidi kila upande, kama kilele kiko karibu na ukingo kitapinda kiende ubavuni. Ukikosa nafasi mwambie anayeprinti aendeleze kingo kwa rangi ya picha au nyeusi. Mbao ziwe zimekauka kweli, mbao mbichi ikishajipinda ukutani hakuna wa kuinyoosha. Halafu ipakwe vanishi, bila hiyo mfagizi akipita na kitambaa kibichi wino unaondoka naye.

LenziYaMeru

Na usilipie zote kwa mkupuo. Omba kipande cha A4 cha kila karatasi, kata sehemu ngumu ya picha yenyewe kwa saizi yake halisi, theluji na kivuli, nenda navyo lodge uvishike ukutani mchana halafu usiku taa zikiwaka. Bosi akiona mikono ya kanvasi na mikono ya pamba pamoja hutahitaji kumbembeleza. Omba pia profaili ya printa yao, faili linaloonyesha rangi zitakavyotoka kwenye karatasi hiyo, uangalie kwenye kompyuta kwanza, rangi ya chungwa ile ya alfajiri huwa inapungua ikifika kwenye karatasi.

Za wageni tumia pamba, usiweke fremu, saini kwa penseli pembeni chini, weka kwenye mrija mnene usiopinda. Akitaka kanvasi iviringwe uso wa picha ukiwa nje, ukiuweka ndani tabaka la juu la wino na vanishi linajikunja linaweza kupasuka.