Allman Brothers Band: mgeni aanzie Fillmore East, Eat a Peach au Brothers and Sisters?

Mzee wa Santuri
Wakuu, kuna mdau kwenye uzi wa magitaa aliomba kujua aanzie wapi na Allman Brothers Band, akajibiwa "sikiliza zote". Hilo si jibu, ni kumfukuza mtu kwa adabu. Basi tuzipambanishe albamu tatu zinazotajwa sana, kibao kwa kibao, kila mtu atetee yake.

Kwa wasioijua, bendi ilizaliwa Jacksonville, Florida, Machi 1969, ikahamia Macon, Georgia, chini ya Phil Walden wa Capricorn Records, yule aliyekuwa meneja wa mwimbaji wa soul Otis Redding. Duane Allman kwenye gitaa, mdogo wake Gregg akiimba na kupiga kinanda cha Hammond. Dickey Betts gitaa la pili, ingawa hilo "la pili" ni la kuhesabia tu. Berry Oakley kwenye besi. Halafu wapiga drams wawili kwa mpigo, Butch Trucks na Jaimoe. Jaimoe ni mweusi, wengine watano wazungu, na hiyo ni Georgia ya mwaka 1969.

Mimi natetea At Fillmore East ya 1971. Ilirekodiwa mbele ya watu, Machi mwaka huo, ukumbi wa Fillmore East, New York, prodyuza akiwa Tom Dowd. Santuri mbili, vibao 7 tu. Inafunguliwa na Statesboro Blues, wimbo aliourekodi Blind Willie McTell mwaka 1928. Duane amevaa kidoleni kichupa cha kioo cha dawa ya mafua, anakitelezesha juu ya nyuzi, na gitaa linalia kabla hata Gregg hajafungua mdomo. Done Somebody Wrong nairuka, ni nzuri lakini haina jipya. Stormy Monday isikilize usiku. Gregg hapo ana miaka 23 na anaimba kama mtu aliyekwisha kuzika wenzake.

You Don't Love Me ni dakika 19. Katikati bendi nzima inanyamaza, Duane anabaki peke yake na gitaa na ukumbi umetulia. Hot 'Lanta ni ala tupu, fupi. In Memory of Elizabeth Reed ni ya Betts, jina alilitoa kwenye jiwe la kaburi katika makaburi ya Rose Hill, Macon. Anaanza kwa kuficha mguso wa kidole, sauti anaipandisha taratibu kwa kitufe cha gitaa hadi unadhani ni fidla. Mwisho Whipping Post, dakika 23, besi ya Oakley ikitangulia. Jaribu kuuhesabu ule mwanzo: tatu, tatu, tatu, mbili. Ni kumi na moja, ndiyo maana mguu wako unapotea njia.

Nawasilisha.

Binti Chumbageni
Mzee wangu shikamoo. Umeandika vizuri, lakini mgeni ukimkaribisha kwa dakika 23 za Whipping Post atarudi kwao. Mimi nasema Eat a Peach, 1972.

Duane alifariki 29 Oktoba 1971 kwa ajali ya pikipiki Macon, akiwa na miaka 24, albamu ikiwa katikati. Kwa hiyo ndani yake kuna bendi mbili, moja akiwa hai na nyingine akiwa ameondoka. Inaanza na ile ya pili, Ain't Wastin' Time No More, Gregg kwenye piano. Gitaa la kuteleza humo ni la Betts, maana mwenye kichupa hayupo. Les Brers in A Minor ni ndefu na mimi huwa naipita bila kujuta. Kisha Melissa. Gregg aliiandika zamani kabla bendi haijaundwa, Duane alikuwa akiipenda, na Gregg aliiimba kwenye mazishi ya kaka yake.

Ila wimbo wa kumpa mgeni ni Blue Sky. Betts anaimba, sauti yenyewe ya kawaida kabisa. Ubeti ukiisha Duane anaingia na solo, hapigi kwa nguvu hata kidogo. Inafika mahali Betts anamkuta, wanapiga sentensi ileile pamoja, mmoja juu mmoja chini, halafu Duane anajitoa na Betts anaendelea. Makabidhiano hayo hata ukirudia mara nyingi ni taabu kusema yametokea wapi hasa. Dakika tano na ushee, hakuna noti ya kujaza nafasi.

Little Martha ndiyo ya kufungia kikao, magitaa mawili makavu, dakika mbili. Ni utunzi wa Duane peke yake.

Kondakta Mstaafu
Nyie mnabishana juu ya marehemu na mmesahau walio wengi waliijuaje bendi hii. Sisi tuliokuwa tukiangalia Top Gear, kile kipindi cha magari cha BBC, kwenye madishi tulikuwa tunausikia wimbo wao kila kipindi kinapoanza, jina hatulijui. Ule muziki wa kipindi umetokana na Jessica, na Jessica imo kwenye Brothers and Sisters ya 1973.

Betts aliitunga akimwangalia binti yake mdogo Jessica akicheza. Alitaka pia kitu kinachopigika kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, heshima kwa Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyeungua mkono huo akabaki kupiga solo kwa vidole viwili. Na sikilizeni piano! Hakuna gitaa jipya lililoletwa kuziba nafasi ya Duane, waliletewa kijana Chuck Leavell, ambaye baadaye alikuja kupiga na Rolling Stones. Uamuzi wa akili sana ule.

Ramblin' Man ilifika namba 2 kwenye chati ya Billboard. Wasted Words na hiyo Ramblin' Man ndizo za mwisho zenye besi ya Berry Oakley. Naye alikufa kwa pikipiki, 11 Novemba 1972, mitaa michache tu kutoka pale alipoangukia Duane, na umri uleule, 24. Southbound inachezeka. Pony Boy tuiache.

Mzee wa Santuri
Kondakta, Jessica nakupa. Lakini uwe mkweli, Jelly Jelly ya albamu hiyohiyo unaisikiliza hadi mwisho?

Kondakta Mstaafu
Kwa ajili ya kinanda cha Gregg, ndiyo. Wewe na You Don't Love Me yako ya dakika 19 huna haki ya kumuuliza mtu swali hilo.

Jirani wa Kisauni
Samahani wakubwa, kwani bendi ya Lynyrd Skynyrd haimo kwenye shindano? Nao si wa Jacksonville? Free Bird peke yake inawamaliza hao wote.

Binti Chumbageni
Wa Jacksonville ndiyo, na Free Bird jukwaani walikuwa wakimtolea huyohuyo Duane. Ila Skynyrd ni watu wa nyimbo, magitaa matatu na kila solo imepangwa. Allman ni watu wa safari. Fungua uzi wao, tutakuja wote.

Solo wa Magomeni
Nimechelewa, nilikuwa kazini. Mimi mpiga gitaa, nijibu kwa upande wa vidole.

Mtu aliyelelewa na rumba ya Kongo haoni ugeni Duane na Betts wanapotembea pamoja. Kwenye sebene tumezoea gitaa moja kusema na jingine kulifuata hatua mbili chini yake, na wimbo mzima kukaa kwenye makodi mawili matatu watu wakizidi kupagawa. Tofauti yao ni kwamba wanachanganya na blues na jazi, kwa hiyo wakishaachana huwezi kutabiri watakutana wapi.

Mzee, hoja yako naikubali, mpangilio ndio sikubaliani nao. Usimpe mgeni Fillmore East ikiwa peke yake. Whipping Post ipo studio kwenye albamu ya kwanza ya 1969, ina dakika tano na kidogo. Elizabeth Reed ipo studio kwenye Idlewild South ya 1970, dakika saba hivi, albamu ambayo hakuna aliyeitaja humu na ndiyo yenye Midnight Rider. Asikilize za studio kwanza, aushike wimbo kichwani. Ndipo umpeleke ukumbini, ataona dakika 5 zimekuwaje 23, na kwamba hawakuongeza beti, walichokifungua ni katikati ya wimbo. Bila hiyo atasikia kelele ndefu tu.

Jingine: tumia hedifoni, si spika ya simu. Magitaa yametenganishwa, moja sikio hili, jingine lile. Statesboro Blues ndiyo itakuonyesha Duane yuko upande gani, maana anayetelezesha ni yeye. Ukishamjua, ndipo nenda Elizabeth Reed umfuate Betts upande wa pili. Mimi nilijifunzia hapo jinsi mtu anavyopiga kodi nyuma ya solo ya mwenzake bila kumkanyaga.

Mzee wa Santuri
Hiyo ya studio kwanza naichukua. Sikuiwazia kwa sababu sisi tulianza na tulichokikuta.

Mgeni wa Uzi
Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza. Shukrani sana. Nimefanya alivyosema Solo, Whipping Post ya studio kisha ya ukumbini. Ya ukumbini ilinishika mpaka kama dakika ya kumi, pale wanapopunguza hadi karibu kimya nikapotea, kisha nikarudi. Blue Sky nimeirudia usiku kucha, Dada Chumbageni ameshinda kwangu. Ramblin' Man naona kama kantri tu, Kondakta anisamehe.

Swali: kuna jamaa anauza santuri ya Eat a Peach, ila anasema Mountain Jam "imekatika". Ni mbovu au ndivyo ilivyo?

Kondakta Mstaafu
Umesamehewa. Betts asili yake ndiyo hiyo ya kantri.

Mzee wa Santuri
Ndivyo ilivyo, usiogope. Mountain Jam ina zaidi ya dakika 33, haiingii upande mmoja wa santuri. Wameigawa, nusu upande wa 2, nusu upande wa 4. Kwa hiyo ukimaliza upande wa 2 usiende upande wa 3 kwa mazoea, weka upande wa 4 moja kwa moja, kisha ndiyo urudi wa 3 wenye Blue Sky yako. Kwenye CD na mtandaoni imeunganishwa. Angalia tu kama sahani haijapinda, na mwambie akupigie upande wa 3 kabla hujatoa hela.