Ukoo wa Bi Kidawa: KISIMA 💧

*Da Zuhura:* Ijumaa saa 6 mchana nafunga daftari. Kila nyumba 100,000. Waliotuma 3. Mpo 31 humu, nawaona mnasoma tu.

*Hemedi:* Da Zuhu, tuzitie kwanza kwenye ile programu. Siku 45 laki inarudi laki na nusu. Kisima na pampu juu 😁

*Kaka Idi:* Hiyo ni ponzi.

*Hemedi:* Panzi?

*Mama Nuru:* Vita vya panzi furaha ya kunguru 😂😂

*Kaka Idi:* Jina la mtu. Charles Ponzi, Mtaliano, Boston 1920. Ahadi yake hiyohiyo: siku 45, faida asilimia 50. Eti ananunua kuponi za posta Ulaya kwa bei chee, anazibadili stempu Marekani. Tofauti ya bei ilikuwapo kweli, ndo ikawanasa. Ila kwa hela alizokusanya zingetakiwa kuponi milioni 160; duniani zilikuwapo 27,000 hivi. Aliwalipa wa mwanzo kwa hela za waliofuata. Agosti akakamatwa.

*Hemedi:* Si walilipwa lakini

*Da Zuhura:* Hoja ni KISIMA

*Kaka Idi:* Piga hesabu. Watu 10, laki laki. Kuwalipa 1,500,000 unataka wapya 15. Hao nao wanataka 23, halafu 35, 53, 80, 120, 180. Siku ya 360 unatafuta 270. Haifi mapema kwa sababu wengi hawatoi, wanaacha izae. Wakitoa kwa mpigo, kwisha.

*Shemeji Salum:* Mbona michezo ya kina mama mnacheza?

*Da Zuhura:* Mchezo wetu watu 12, elfu 20, kila mtu anapokea 240,000 zake basi. Faida hakuna. Na wewe usinianze, mabati ya Mkuranga sijasahau.

*Shemeji Salum:* Nililipa nusu

*Da Zuhura:* Nusu ipi???

*Babu Athumani:* Hela ya maji haichezewi. Hemedi, zile laki tatu za pampu ziko wapi?

*Hemedi:* Shikamoo babu

*Babu Athumani:* Marahaba. Ziko wapi?

*Kaka Idi:* Zitoe sasa hivi. Wakisema ulipe kwanza "kodi" ndo utoe, usiongeze hata mia.

*Hemedi:* Inaandika "inashughulikiwa"

*Da Zuhura:* Waliotuma 4. Ijumaa saa 6.

*Anko Juma (23:48):* Ndo nawasha data. Kisima kinachimbwa kwangu au kwa Salum?