Meno ya kijana wangu: ni ya ukoo wa mama yake?

Papa Chris (Goma): Ndugu, habari za usiku. Kijana ana miaka 11. Chonge moja ya chini imeota imelala mbele ya wenzake, ndogo, ina madoa ya kahawia. Ya upande wa pili haijatokea. Mengine yote safi. Kwetu hakuna meno hayo, ila mjomba wa mke wangu ana pengo tangu ujana. Nauliza tu: hurithiwa upande wa mama? Nijue kabla ya Jumamosi.

Mama Furaha (Bukavu): Akifaulu shule ni wa baba, akiota jino pembeni ni wa mama! Dada yangu meno yake yamepandana, watoto wake sita wote wamenyooka. Mume wake ndiye alianza kuwa kibogoyo mapema.

Nasomea Meno (Bukavu): Kurithi kupo. Jeni MSX1 au PAX9 ikiwa na kasoro, meno kadhaa hayaumbiki kabisa, aghalabu magego. Nakala moja mbovu yatosha, ya baba au ya mama. Kasoro ya jeni EDA iko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mama, lakini huyo huwa na meno machache yaliyochongoka, nywele hafifu, na jasho halimtoki vizuri. Chonge za chini peke yake, tena na madoa? Papa Chris, alipokuwa mchanga alipelekwa kwa mganga wa kienyeji? Na Jumamosi kuna nini?

Himbi Boy: Harusi. Anataka mtoto acheke kwenye picha 😂

Papa Chris: Sawa. Akiwa na miezi sita aliharisha, homa juu. Mama yangu akampeleka kwa bibi mmoja, akatolewa ibyinyo, vile vijino vyeupe vya ndani ya fizi vinavyosemwa huleta homa. Na alipona! Yale yalikuwa ya utoto, sioni yanavyoingia hapa. Jumamosi fundi wa meno wa Birere, hapa Goma, analing'oa hili, anaweka la bandia. Nimeshatoa avansi. Na kwenye kikao cha familia nimeshasema ni ukoo wao, sasa nitarudi na uso gani?

Nasomea Meno: Hivyo vijino vyeupe ndivyo chonge za utoto zenyewe, bado laini. Karibu nazo, ndani ya mfupa, kuna mbegu ya chonge ya kudumu. Spoku ya baiskeli wanayotolea ikichimba pale, jino litatoka limepinda, lina madoa, au halitatoka. Kuharisha huenda kungepona hata bila bibi. Piga radio (eksirei) kwanza, ionekane kama la pili limelala ndani. Using'oe kitu, taya bado inakua.

Mzee wa Lushi (Lubumbashi): Mimi siamini. Mganga aulizwe tu, papo hapo bibi anatokea, na fundi, na kikao! Uzi huu nimeshausoma kwingine, alikuwa binti.

Mama Furaha: Mzee, huko Lushi labda hamjui. Huku kwetu uliza mama yeyote sokoni.

Himbi Boy: Atume picha.

Papa Chris: Situmi uso wa mtoto wangu hapa.

Mzee wa Lushi: Nani kataka uso? Fizi tu. Na avansi ni ngapi?

Papa Chris: Dola 20. Fundi anasema hazirudi.

Himbi Boy: Basi nenda wewe, akung'oe la kwako.

Mama Furaha: Mke wake yuko humu? Nimtumie uzi huu kabla ya Jumamosi.