Naomba ushauri: tunataka kufunga ndoa bomani kimyakimya, je 1,300,000 inatosha?

Nyanza_Kimya
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu, na wale wa kutukana naomba wapite tu, sina nguvu ya kujibizana.

Nina miaka 31, nipo Mwanza, nimeajiriwa. Mchumba wangu ana 28, ni mwalimu, kwao Rombo. Kamati yetu ilikaa ikaja na bajeti ya milioni 18: ukumbi, mpambaji, mshereheshaji, matarumbeta, msafara wa magari, keki ya ngazi tano. Hapo bado sendofu na kicheni pati za upande wao. Tumekaa mimi na mwenzangu tukaona hapana. Tufunge bomani, watu wachache, maisha yaendelee.

Hesabu yangu iko hivi. Pete mbili za fedha 160,000, gauni la kushona 150,000, suti 180,000, mpiga picha 200,000 (tunataka picha za Saanane, pale kwenye mawe), chakula cha watu 14 kwa 20,000 kila mmoja 280,000, keki ndogo 60,000, meli hadi Nansio na mapumziko mafupi Ukerewe 200,000, halafu 70,000 ya ada, picha za pasipoti na makaratasi. Jumla 1,300,000.

Inatosha? Kuna kitu nimesahau? Na ukweni tuwaambie kabla au baada?

Fundi Saa
Hongera mkuu. Mimi nilifunga bomani 2019 na sijajuta hata siku moja. Umesahau mashahidi: nauli yao ni juu yako na waje na vitambulisho. Na hao watu 14 wahesabu 22. Shahidi wangu alikuja na mkewe, mkewe akaja na mdogo wake, mdogo wake akaja na mtoto. Suti usinunue mpya, azima. Hela ya suti iongeze kwenye samaki, mtu akila sato akashiba haulizi ukumbi uko wapi.

Mama Chanja
Mwanangu, kabla ya pete na keki, mama yako mzazi anajua? Nauliza kama mzazi. Mwanangu wa kwanza alioa hivyohivyo, nikaletewa picha kwenye simu nikiwa naanika dagaa. Nilifurahi, sikatai, mkwe wangu ni mtu mzuri. Lakini hadi leo watu wakisimulia harusi za watoto wao mimi nanyamaza. Harusi si ya watu wawili.

KataaNdoa_Tabora
Mkuu, mimi msimamo wangu unajulikana humu. Hiyo 1,300,000 ni nusu ya bodaboda. Tafuta nusu nyingine, kaa na amani yako. Kataa ndoa.

Mama Chanja
Wewe wa Tabora, tutakuja kukuzika nani atajua hata chumba chako kilipo?

Mzee wa Sengerema
Vijana mnadhani mmegundua jambo jipya. Babu yangu alimtorosha bibi usiku, wakavuka mashamba ya mihogo, asubuhi bibi akaonekana anachota maji kwenye boma la wakwe. Wazee wakakaa, faini ikatajwa, ng'ombe wakapelekwa, mambo yakaisha. Kutorosha kulikuwa na utaratibu wake! Mtu alijua akishachukua binti, kabla jua halijazama kuna mjumbe lazima afike kwa baba yake kusema "binti yako yuko kwetu, msimtafute mtoni." Wewe mjumbe wako ni nani?

Mtanga Halisi
Kwetu haya hayasumbui sana. Walii, mashahidi wawili, mahari ya binti, mume akaoa, halua na kahawa, watu kwao. Nilioa baada ya sala ya Alasiri, Magharibi nikawa nyumbani kwangu na mke. Gharama kubwa ilikuwa mbuzi wawili wa pilau. Wanaotaka taarabu na shela la mkia mrefu ni matakwa yao, ndoa haivitaki hivyo.

Hesabu Kali
Mleta uzi, nina swali. Kamati ilishakaa hadi ikatoa bajeti ya milioni 18. Kamati haikai bila kadi. Kadi za mchango zilitoka?

Nyanza_Kimya
@Fundi Saa asante kwa wazo la suti. @Mama Chanja mama yangu anajua kwamba naoa. @Hesabu Kali tusitoke nje ya mada mkuu, swali langu ni kama bajeti inatosha.

Hesabu Kali
Siwezi kukwambia bajeti inatosha bila kujua hela inatoka wapi. Kadi zilitoka au hazikutoka?

Nyanza_Kimya
Zilitoka chache.

Hesabu Kali
Chache ni ngapi, na imeingia shilingi ngapi?

Nyanza_Kimya
Sawa. Zilitoka kadi 60. Hadi sasa imeingia 3,400,000. Laini ya kamati imesajiliwa kwa jina langu na mweka hazina ni binamu yangu, kwa hiyo hela iko kwangu. 2,500,000 nimeshalipia kiwanja Kisesa, kilichobaki namalizia kidogokidogo hadi Desemba. Sijala hela ya mtu. Nimenunua ardhi, na mkataba una majina yetu wawili.

Na kabla hamjanishambulia, niwaambie. Tangu nianze kazi 2016 nimechangia harusi za watu hawahawa. Kuna mwezi nilipokea kadi nne, nikakopa ili nisionekane mbaya. Sijawahi kumuuliza mtu hela yangu aliifanyia nini. Mchango ni wa kutusaidia kuanza maisha, na kiwanja ndiyo maisha. Ukumbi ungeimeza yote ikaisha saa sita usiku, Jumatatu tunarudi kwenye chumba cha kupanga.

Hesabu Kali
3,400,000 toa 2,500,000 inabaki 900,000. Wewe unataka kutumia 1,300,000. Kwa hiyo katika hiyo harusi yenu ya siri, hela yenu wenyewe ni laki nne. Waliobaki wamelipia chakula ambacho hawakualikwa kukila.

Fundi Saa
Hapo sasa umenipoteza mkuu. Nilikuwa upande wako.

Mama Chanja
Jamani! Kuna mtu katika hao 60 amekopa kikoba akuchangie, kama wewe ulivyokopa.

Mzee wa Sengerema
Hata babu yangu hakumtorosha bibi kwa ng'ombe wa jirani.

Karani Mstaafu
Nimeshughulika na makaratasi ya ndoa kwenye ofisi ya wilaya kwa miaka mingi, niruhusuni niseme ya sheria, maana uzi unapiga kelele na kijana hajajibiwa.

Sheria ya Ndoa ni ya 1971. Kifungu cha 18 kinataka mtoe ilani siku 21 kabla ya ndoa, ibandikwe hadharani, ili mwenye sababu ya kisheria ya kupinga apate nafasi. Mnahitaji mashahidi wasiopungua wawili. Mchumba wako ana miaka 28, ridhaa ya mzazi haihitajiki. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria ni halali hata kama desturi za mahari hazikufuatwa, kwa hiyo mkwe hawezi kuivunja kwa sababu hamjamaliza kulipa. Na kwa kuwa si ya Kiislamu wala ya kimila, itahesabiwa ni ya mke mmoja. Ulijue hilo mapema.

Sasa la michango. Kifungu cha 71 kinaruhusu mtu kudai mahakamani zawadi aliyoitoa kwa kutarajia ndoa, endapo ndoa yenyewe haikufungwa. Wewe unafunga, kwa hiyo kifungu hicho hakikukamati. Lakini tazama kadi yako imeandikwa nini. Kama ina jina la ukumbi na tarehe, watu wamechangia sherehe, na sherehe umeifuta bila kuwaambia. Usijifiche nyuma ya kifungu. Waambie sasa, kabla hawajasoma ilani yenu ubaoni, maana ilani husomwa. Nimeona baba mkwe akiisoma amekuja kufuata mambo ya leseni.

Dada Rombo
Mimi nimezaliwa Useri, naomba nizungumze kwa niaba ya huyo dada. Mahari imefika wapi?

Nyanza_Kimya
Tumetoa nusu. Mbege ilishanywewa, mbuzi walishakwenda. Bado blanketi la mama na fedha kidogo. Mzee hana shida na mimi, shida ni sendofu, wao nao wana kamati yao.

Dada Rombo
Nilijua. Kaka, baba aliyekwisha kunywa mbege yako amekupokea mbele ya ndugu zake wote. Ukimwoa binti yake kwa siri baada ya hapo, umemfanya mwongo mbele ya watu aliowaita yeye mwenyewe. Bora ungetorosha kabla, kungekuwa na faini ikaisha.

Lakini kuna njia. Kwetu mtu aliyekosea akija na jani la isale, mzee anayemkataa ndiye anayebeba lawama. Mtume mshenga, aende na isale, aseme wazi: watoto hawana uwezo wa sherehe, wanaomba baraka bila sherehe. Na blanketi la mama liende siku hiyohiyo. Watu wanalidharau lile blanketi, mama yangu lake analikunja mwenyewe, hamruhusu mtu kuligusa.

Jambo lingine. Kama mama mkwe ni Mkatoliki na yuko WAWATA, ule umoja wa wanawake Wakatoliki, ndoa ya bomani pekee itamtesa sana, kwa sababu Kanisa haliitambui na binti yake hataweza kupokea Komunyo. Kinachosahaulika ni kwamba Kanisa halidai ukumbi wala matarumbeta. Mafundisho, matangazo ya Jumapili tatu, misa ya asubuhi siku ya kazi, mashahidi wawili, mnatoka saa mbili mnaenda kunywa chai. Dada yangu alifunga hivyo. Bajeti yako ya 1,300,000 ungebaki na chenji.

Nyanza_Kimya
Dada nimekusikia. Tatizo ni muda. Ilani ilishabandikwa, siku zinakwisha wiki ijayo, na ofisini tumeshapewa Ijumaa.

Shahidi wa Pili
Subirini kwanza. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mwanzo anauliza "inatosha?" kana kwamba ndiyo wanapanga. Akibanwa, kadi zilitoka. Akibanwa tena, kiwanja kimelipiwa. Sasa ilani imebandikwa na Ijumaa imepangwa! Kila mtu akiuliza anapewa kipande kipya. Mwaka jana kulikuwa na uzi wa kijana wa Mbeya, kamati, michango, kiwanja, hivihivi, ikaja kujulikana ni hadithi ya kutafuta wachangiaji. Mtaona mwisho ataweka namba ya simu.

KataaNdoa_Tabora
Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Mtanga Halisi
Mimi nilishangaa tangu kwenye mweka hazina binamu.

Nairobi Jioni
Hata kama ni ya kubuni, huku Nairobi yapo ya kweli. 2017 kuna wawili walifunga ndoa na pete za shilingi mia, picha zikasambaa, wasamaria wakawafanyia harusi kubwa Februari ya mwaka huohuo. Sisi pia sheria yetu ya 2014 inataka ilani ya siku 21. Nilifunga kwa msajili, mke wangu alivaa gauni la kanisani la kawaida, tukapanda matatu kurudi nyumbani. Abiria wakatuimbia hadi Kasarani.

Fundi Saa
@Shahidi wa Pili uzi wa Mbeya ulikuwa wa pikipiki, si wa kiwanja. Nilichangia kule. Usichanganye watu.

Shahidi wa Pili
Pikipiki au kiwanja, mtindo ni mmoja. Aweke ushahidi.

Nyanza_Kimya
Siweki namba ya mtu na siombi hela ya mtu. Picha ya ilani siweki, ina majina yetu kamili. Nitakwambia ilivyo. Iko ubao wa nje wenye kioo, kona ya chini imepasuka, imekaa kati ya tangazo la mnada wa pikipiki na ratiba ya chanjo ya mifugo. Herufi moja ya jina la ukoo la mwenzangu imekosewa. Alivyoona akachukua peni akawa anajaribu kuipenyeza kwenye ule ufa arekebishe, mlinzi akamfukuza. Alilia njia nzima hadi Buzuruga, akisema hata karatasi moja ya harusi yake imeshindikana kuwa sawa. Hapo ndipo nilipoanza kuandika uzi huu. Ukiona ni chai, usinywe.

Mama Chanja
Mimi namwamini. Huyo binti hataki kufichwa, mwanangu. Anayetaka kufichwa harekebishi jina ubaoni.

Karani Mstaafu
Kosa la herufi lisahihishwe kabla ya Ijumaa, likiingia kwenye cheti litawasumbua benki, hifadhi ya jamii na kwenye vyeti vya watoto. Nendeni wote wawili na vyeti vya kuzaliwa. Na ulizeni kama mnaweza kusogeza tarehe mbele wiki chache. Ofisi haitawanyima.

Nyanza_Kimya
Asante mzee. Kuhusu herufi tutakwenda Jumatatu. Kuhusu kiwanja, sirudishi, na yeyote atakayedai mchango wake nitamlipa kwa mshahara, hata kama ni miezi mingapi. Nimeandika ujumbe wa grupu la kamati, sijautuma. Mshenga ni mjomba wangu, yuko Magu. Nakwenda kesho, lakini Rombo ni mbali na Ijumaa ni karibu, kwa hiyo nafikiri ampigie tu mzee simu.

Dada Rombo
Asipige simu! Isale haiendi kwa simu. Basi linatoka Mwanza alfajiri, jioni yuko Moshi, kesho yake asubuhi yuko kwa mzee. Hiyo laki mbili ya Ukerewe ndiyo nauli ya mjomba.

Fundi Saa
Na suti nakuazima mimi kama una kiuno cha 34. Nipo Nyakato. Nitumie ujumbe wa faragha.

Hesabu Kali
Ujumbe wa grupu utume kabla mjomba hajapanda basi. Habari za michango zinafika Rombo kabla ya basi.

Mwanafunzi_Geita
Samahani wakuu kwa kuingilia. @Karani Mstaafu, mimi cheti changu cha kuzaliwa kina jina la babu na kitambulisho kina jina la baba. Ilani nitaandika lipi?