Ukoo wa Mzee Kombo, Tanga

Shangazi Zaina, 19:02
Asalaam aleikum. Jumamosi saa 3 asubuhi wote wa kupima seli mundu muwe mmeshafika kwangu. Posa ya Salma inajibiwa mwezi ujao. Andikeni majina.

Shangazi Zaina, 19:48
Mmesoma watu 31. Jina hata moja?

Juma, 20:10
Mimi niko zamu. Chapati zitakuwepo? 😂

Amiri, 20:14
Ugonjwa huo kwetu haukuwepo. Ulikoingilia kunajulikana.

Shangazi Zaina, 20:15
Kaka, ya Pongwe usiyafukue hapa.

Rehema, 20:31
Shikamooni. Baba mdogo, kwa ruhusa yako, nieleze tunachosoma maabara. Seli kabla haijagawanyika inanakili DNA yake yote, yaani maandishi ya urithi, jozi za herufi kama bilioni 6. Kimeng'enya kiitwacho helikesi kinatenganisha nyuzi zake mbili. Kingine, polimerasi, inapita kila uzi ikipachika herufi, A kwa T, G kwa C. Inajenga kuelekea upande mmoja tu, kwa hiyo uzi mmoja unatoka vipande vipande, kimeng'enya cha tatu, ligesi, kinaviunga. Polimerasi ikipachika vibaya inarudi, inang'oa, inaweka nyingine.

Juma, 20:33
Kama fundi wangu wa suruali, anashona anafumua 😂😂

Shangazi Zaina, 20:33
Juma!

Rehema, 20:36
Hapo umepata kaka. Ila kosa likiponyoka, raundi inayofuata polimerasi inalisoma kama herufi halali. Seli mundu ni hivyo: A moja imekuwa T, kwenye kromosomu ya 11. Ni mambo ya maelfu ya miaka, na tangu hapo inanakiliwa vilevile, mzazi kwa mtoto. Anayeugua amepokea nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama.

Amiri, 20:52
Yaani mama peke yake hawezi kuleta?

Rehema, 20:53
Hawezi, baba mdogo. Na mwenye nakala moja anaweza kuishi hadi uzeeni asijijue.

Bi Hawa, 22:20
Nimesomewa yote. Idi wangu alikuwa akishika magoti usiku kucha, marehemu kaka yenu anamkanda kwa maji ya moto mpaka adhana ya alfajiri. Tumemzika ana miaka 6. Miaka 28 naitwa mleta ugonjwa, na mimi nikanyamaza. Amiri, Jumamosi utatangulia wewe. Utatolewa damu nikiwa nimekaa pale.

Amiri, 22:41
_Ujumbe huu umefutwa_

Amiri, 22:58
Shikamoo shemeji.

Shangazi Zaina, 06:05
Mpaka sasa: mimi, Rehema, Salma. Amiri nakuandika. Wa Muheza mnakuja na nini?

Juma, 06:40
Natoka zamu saa 8 mchana. Nitawakuta?

Salma, 07:12
Shangazi, na yeye mwenyewe anapima lini?

Shangazi Zaina, 07:30
Nimewapigia kwao mara mbili. Bado hawajanijibu.