Naomba ushauri: kukagua namba zinazoingia kwenye fanksheni za JavaScript

Wakuu, habari za kazi. Hapa Dodoma tunaandika maktaba ndogo (mkusanyiko wa fanksheni) ya JavaScript, lugha ya programu, ya kukokotoa uzito na bei ya mahindi na alizeti, itumike kwenye mifumo ya maghala hadi Kibaigwa. Kinachosumbua ni ukaguzi wa namba.

`typeof`, inayotaja aina ya thamani, peke yake haitoshi, maana hata `NaN` (alama ya "si namba") inajibu "number". `parseInt("90kg")` inatoa 90 bila kulalamika, na `Number("1,500")` inatoa `NaN` kwa sababu ya mkato. Baya zaidi ni `Number("")`: inarudisha 0. Karani akiacha kisanduku cha kilo wazi, mzigo unaingia kama sifuri na mkulima ndiye anayeumia.

Kwa sasa tunatumia `Number.isFinite(kilo)`, ambayo haigeuzi maandishi kuwa namba na inakataa `NaN` na `Infinity`, kisha `kilo > 0`. Idadi ya magunia tunaipima kwa `Number.isInteger`, inayokubali namba nzima tu.

Je, fanksheni irushe `TypeError` kwa aina isiyo sahihi na `RangeError` kwa namba iliyovuka mipaka, au irudishe `null` (thamani tupu)? Naiogopa `null`, kwani ukiijumlisha inageuka 0 kimyakimya. Na kugeuza maandishi kuwa namba kufanyike ndani ya maktaba, au tuwaachie wenye fomu?